Kupasuliwa saratani ukiwa na watu wako: maswali ninayoulizwa Kigoma

Nakaa Mwanga, Kigoma mjini. Nilitolewa titi la kushoto kule Mwanza kwa sababu ya saratani, na tangu nirudi haipiti wiki bila mtu kunisimamisha sokoni au kunipigia jioni akiwa na swali. Wachache ni wagonjwa. Wengi ni wanaouguza: binti, mume, wifi, jirani. Nimeyakusanya hapa maswali yanayojirudia. Mimi si daktari. Mambo ya kisu na dawa nayaeleza kama nilivyoelezwa na walionitibu, nawe muulize wako, maana saratani ya mtu mmoja si ya mwenzake. Lakini kuuguzwa nakujua kwa mwili wangu.

Nimepewa majibu leo. Nimwambie nani kwanza?

Mwambie mtu mmoja usiku huu huu. Si lazima awe mkubwa wa ukoo. Chagua anayeweza kusikia habari nzito akatulia nayo. Mimi nilimwambia wifi yangu, mke wa kaka, kabla ya mume wangu, na sioni aibu kulisema: nilijua hatalia mbele yangu. Alinikorogea uji, akauliza kadi ya kliniki iko wapi, akakaa. Asubuhi alikuwa pembeni yangu nilipomwambia mume wangu.

Kisha kaeni muamue nani apewe habari, na kiasi gani. Kwetu hapa habari ya ugonjwa ikitoka Mwanga asubuhi, adhuhuri iko Ujiji na huko umeshazikwa. Teueni msemaji mmoja, na kila simu ya "nasikia eti" ielekezwe kwake. Nilipolazwa sikushika simu siku nne. Shangazi zangu wa Kasulu walipata ujumbe mmoja kila jioni kutoka kwa wifi, wakatosheka.

Ni kweli saratani ikiguswa na kisu inasambaa?

Hapana. Nalijibu kwa kirefu kwa sababu imani hii inatuondolea watu.

Tunachokiona ni hiki: mama ana uvimbe, anakaa nao mwaka, miwili, anapaka dawa, unapasuka kuwa kidonda. Ndipo anapelekwa hospitali, anapasuliwa, na baada ya miezi michache anafariki. Msibani wanasema, "Angeachwa bila kukatwa angekuwepo." Lakini saratani ilikuwa imeshasafiri kwa njia ya damu na tezi kabla ya kisu kufika, ikakaa kwenye ini, mapafu au mifupa. Kisu kiliikuta imehama.

Daktari wa upasuaji hakati uvimbe peke yake. Anachukua na ukingo wa nyama nzima kuuzunguka, kisha maabara wanaangalia kama ukingo huo ni safi. Kwa saratani nyingi zinazounda uvimbe, zikiwahiwa zikiwa bado sehemu moja, upasuaji ndiyo nafasi kubwa ya kupona kabisa. Wakati mwingine mgonjwa anaanzishwa kwanza dripu za kemo, yaani dawa za kuua saratani, uvimbe unywee, ndipo akatwe. Na zipo zisizopelekwa thieta kabisa: saratani ya shingo ya kizazi iliyochelewa kwa kawaida inatibiwa kwa mionzi pamoja na kemo. Ukisikia mwenzako hakupasuliwa, usidhani madaktari waliogopa kisu.

Kuchukua kinyama kwa ajili ya vipimo nako hakusambazi saratani ya titi. Dada yangu, ukiambiwa utatolewa titi zima na hakuna aliyewahi kukuchukua kinyama, uliza kwa nini. Una haki ya kuuliza.

Mama mkubwa anataka twende kwanza kwa mtaalamu wa mitishamba.

Msigombane naye, kwa sababu mtamhitaji baadaye. Mwambieni hospitali imeshapanga tarehe na tarehe haingoji. Mwombeni kazi nyingine ya heshima, kama kuongoza dua au maombi. Kama mgonjwa ameshakunywa dawa yoyote ya miti, daktari na mtu wa dawa ya usingizi waambiwe bila kuficha, maana baadhi zinafanya damu isigande vizuri au zinachokoza presha. Na juu ya kidonda kisiwekwe kitu ambacho hospitali haikutoa. Si majani, si asali, si mafuta ya mawese.

Kwa nini tunapewa rufaa ya Mwanza? Haiwezekani hapa?

Hospitali ya mkoa, Maweni, inafanya upasuaji, kama Kitete inavyofanya kwa ndugu zetu wa Tabora. Lakini saratani haiishii kwenye kukata. Inahitaji wa kusoma kinyama, wa kemo, na mara nyingi mionzi, ambayo Kigoma haipo. Kwa hiyo wengi wetu tunapelekwa Bugando, Mwanza, na wengine Taasisi ya Saratani Ocean Road au Muhimbili, Dar es Salaam.

Basi la Mwanza linakula siku nzima: Kasulu, Kibondo, Kakonko, Nyakanazi, Geita. Mimi nilivuka Busisi kwa kivuko nikiwa nimeshikilia kifua. Nyinyi mna daraja, limefunguliwa Juni 2025. Wa Kalya na Buhingu wanaanza na boti kabla ya basi, kwa hiyo wakiwapigia kuomba pa kulala mjini, wapokeeni.

Karatasi zote ziwe kwenye faili moja la plastiki: barua ya rufaa, kadi ya bima, kitambulisho, majibu ya kinyama, picha na maelezo ya ultrasaundi. Kila karatasi ipigwe picha kwa simu. Hospitali moja niliyopitia ilipoteza majibu yangu nikakaa wiki tano nikisubiri yatafutwe. Wiki tano za saratani ni ndefu. Ningekuwa na picha ile nisingezisubiri.

Nani asafiri na mgonjwa?

Mmoja, au wawili wa kupokezana. Familia nyingi zinamtuma mwenye cheo au mwenye kazi nzuri, na huyo siku ya tatu anaaga kwa sababu ofisini wanamwita. Mtumeni mwenye nafasi, mwenye miguu, asiyeona kinyaa. Atamwaga mkojo, ataosha mwili, atakimbilia duka la dawa usiku, atasimama foleni ya vipimo kwa muda wa saa tatu. Awe anajua kuandika, maana daktari anapopita wodini asubuhi anaongea haraka, na maneno yake yote yanatakiwa yaingie kwenye daftari.

Na yeye ana mwili. Wifi yangu alilala sakafuni kwenye mkeka usiku sita, na hakuna aliyempigia kuuliza yeye amekula nini. Wekeni fungu la chakula chake kwenye bajeti, na siku ya saba apumzishwe.

Tumeambiwa tutafute watu wa kuchangia damu.

Watafuteni mapema, kabla ya kusafiri ikiwezekana. Ulizeni kama ya kuchangiwa hapa Kigoma itahesabika kule. Anayefaa ni mwenye miaka 18 hadi 65, uzito usiopungua kilo 50, mwenye afya. Mwanaume anaweza kurudia baada ya miezi 3, mwanamke baada ya miezi 4. Si lazima kundi lake lifanane na la mgonjwa, kwa sababu anarudishia benki ya damu. Na damu haiuzwi. Anayetaka hela kwa chupa ya damu mkataeni na mtoe taarifa.

Pesa tunazipata wapi?

Kama kuna bima, nendeni ofisi yake kabla ya safari mkaulize kwa jina la matibabu: upasuaji huu unalipiwa? Kemo? Vipimo vipi havimo? Kama hakuna bima na uwezo ni mdogo, ulizieni ofisi ya ustawi wa jamii hospitalini siku ya kwanza kabisa, kabla deni halijakua. Watahitaji barua ya serikali ya mtaa au kijiji, kwa hiyo iwe kwenye lile faili.

Michango sasa. Mtunza hesabu asiwe yule msemaji. Daftari moja, jina na kiasi, na kila Jumapili jumla inatangazwa kwenye kundi la WhatsApp la familia. Mgonjwa asitumiwe picha akiwa amevimba macho ili watu watoe. Mwombeni ruhusa, na akisema hapana, ni hapana.

Kosa ninaloliona kila mara ni kumaliza fedha yote safari ya kwanza. Watu wanatoa kwa wingi wiki ya upasuaji, zinatumika nauli ya ndugu watano na teksi za Mwanza, na wiki sita baadaye mgonjwa anatakiwa arudi kliniki, hana hata nauli. Kemo inaweza kwenda miezi. Ukipokea shilingi laki tano, tenga laki mbili usiziguse.

Siku yenyewe ya upasuaji inakuwaje?

Usiku unaambiwa usile. Kwa kawaida chakula kinasimama angalau saa 6 kabla na maji saa 2 kabla, lakini fuata saa za wodi yako. Tafadhali ndugu, usimwonee huruma ukampa chai alfajiri: tumbo likiwa na kitu, akilala kwa nusu kaputi kinaweza kupanda kikaingia kwenye mapafu. Unavua hereni, pete, meno ya bandia, rangi ya kucha. Unasaini fomu ya ridhaa. Isome, au usomewe, na uulize wanatoa nini hasa: uvimbe tu, titi zima, tezi za kwapa?

Walioko nje watasubiri kuliko walivyoambiwa. Saa mbili za thieta zinaweza kuwa tano kwa sababu ya foleni, kuamshwa, na kuangaliwa kabla ya kurudishwa wodini. Kuchelewa si habari mbaya.

Nilizinduka nikitetemeka baridi, koo linawasha, na mpira umetokea ubavuni una kichupa chake cha kukusanyia majimaji. Hakuna aliyekuwa amenieleza habari za kichupa, nikadhani kuna kitu kimeharibika. Ndiyo maana nakueleza wewe. Kinamwagwa na kiasi kinaandikwa kila siku. Mpira unatolewa majimaji yakipungua, mimi niliambiwa yashuke chini ya mililita 30 kwa siku. Ukiumwa sema. Usivumilie ukidhani ndiyo ujasiri, kwa sababu mwenye maumivu hapumui kwa kina wala hatembei, na asiyetembea anakaribisha nimonia na damu kuganda miguuni. Kesho yake wifi alinishika kiuno tukaenda hadi dirishani na kurudi. Hatua ishirini. Nililia, na alinirudisha tena jioni.

Watu wanamiminika wodini. Tuwakataze?

Kumwona mgonjwa ni jambo jema, na hakuna anayetaka kuambiwa asije. Lakini mwenye kidonda kipya hawezi kupokea watu kumi na wawili saa ya chakula, kila mmoja akitaka asimuliwe upya. Wawili wawili, dakika kumi, mikono imeoshwa, mwenye mafua abaki nje atume salamu. Msemaji ndiye anayeyasema haya, kamwe si mgonjwa. Na zile habari za shangazi wa fulani aliyekuwa na ugonjwa kama huo akafa, zibaki nje ya geti.

Familia inataka kumficha mgonjwa kuwa ni saratani.

Nakataa, hata kwa wazee. Najua mnafanya kwa mapenzi. Lakini yuko wodi ya saratani, jirani yake wa kitanda atamwambia kabla ya usiku kuingia, na kuanzia hapo hatawaamini hata mkimwambia dawa imefanya kazi. Pia ndiye anayesaini, na ndiye atakayehesabu dalili mwilini mwake. Mzee anayepaswa kuambiwa taratibu aambiwe taratibu, na mwanawe anayempenda, kwa Kiha kama ndiyo lugha anayoumia nayo. Aulizwe kwanza: "Mama, ungependa kujua kiasi gani?" Akisema, "Yabaki na nyie na daktari," hilo ni chaguo lake mwenyewe, liheshimuni.

Watoto nao waambiwe, kwa maneno madogo: mama ana ugonjwa, unatibiwa, hauambukizi, mnaweza kulala naye, na hakuna aliyekosea. Mwanangu wa miaka saba alikuwa ameamini nimeugua kwa sababu alinipiga kiwiko cha kifua wakati wa kucheza.

Ale nini akirudi?

Chakula cha nyumbani, na zaidi kile kinachojenga nyama: migebuka, dagaa, mayai, maharage, kunde, maziwa. Kigoma tumebarikiwa samaki, tuwatumie. Ugali wa muhogo unashibisha lakini haujengi kidonda, kwa hiyo mboga iwe nyingi kuliko tonge. Kama hana hamu, kidogo kidogo mara sita kwa siku. Habari za kwamba kipande cha sukari kwenye chai kinalisha saratani zisimnyime mtu uji wake. Aliyekonda anahitaji nguvu. Mwenye kisukari, au aliyekatwa utumbo au tumbo, afuate maelekezo yake.

Dalili gani tusisubiri tarehe ya kliniki?

Joto la mwili likifika nyuzi 38 au zaidi. Kidonda kutoa usaha, harufu, kuwa chekundu na cha moto, au nyuzi kuachia. Damu inayolowanisha bandeji. Mguu mmoja kuvimba na kuuma kwenye shavu la mguu. Pumzi kubana ghafla au kifua kuchoma: hiyo ni hospitali saa hiyo hiyo, hata kama ni saa nane usiku. Kwa aliyepasuliwa tumbo, ongeza kutapika, tumbo kujaa na kutotoa upepo. Nendeni kituo kilicho karibu na lile faili mkononi. Msipande basi la Mwanza na mgonjwa mwenye homa.

Na siku ya kurudi kutoka Mwanza, kila basi linaposimama mgonjwa ashuke atembee kidogo. Kukaa saa nyingi miguu ikining'inia ndiko kunakogandisha damu.

Mkono wangu utarudi kufanya kazi?

Ukiufanyisha mazoezi, ndiyo, kwa sehemu kubwa. Daktari akiruhusu, simama mbele ya ukuta upandishe vidole polepole kama buibui, kila siku juu kidogo. Kama tezi za kwapa zilitolewa, mkono wa upande huo unaweza kuvimba, hata miaka kadhaa baadaye. Ulinde: glavu shambani, tahadhari jikoni na mafuta ya moto, mkwaruzo uoshwe kwa sabuni mara moja. Ukiona pete au bangili inabana, nenda uonwe mapema. Wiki za mwanzo hakuna ndoo, hakuna kutwanga, hakuna jembe. Baadaye uzito unarudi kidogo kidogo, na hapa ndipo jirani anahitajika kuliko siku yoyote ya wodini.

Wiki ya tatu watu wote wametoweka. Nimewakosea nini?

Hujawakosea. Walikuona umesimama mlangoni wakahesabu kazi imekwisha. Kwangu siku ya kurudi nyumba ilijaa hadi viatu vikakosa pa kukaa barazani. Wiki ya tatu nilikuwa peke yangu, kidonda kinawasha, nasubiri majibu ya tezi, siwezi kuinua sufuria, na mtoto anataka kwenda shule. Sijawahi kulia kama wiki ile, hata nilipoambiwa nina saratani.

Kwa hiyo nawaambia familia: gawanyeni msaada kwa miezi. Andikeni kwenye karatasi wiki kumi na mbili. Mama mdogo, wiki ya kwanza na ya pili. Binamu wa Uvinza, ya tatu na ya nne. Wanawake wa kikoba, kufua kila Jumamosi. Vijana wa mtaani, maji. Nauli ya kliniki, kaka. Kemo ikianza, wiki zile za kutapika ziwekewe watu wawili. Mwenye hamu kubwa ya kuja siku ya kwanza apewe mwezi wa pili, na aeleweshwe kwamba hajanyimwa kitu, amepewa sehemu ngumu.

Kama wewe ndiye mgonjwa na karatasi hiyo haikuandikwa, piga simu uombe. Sema jambo moja na siku moja: "Alhamisi naomba uje unipikie." Mimi nilisubiri watu wafikirie wenyewe, nikaumia bure.

Mume wangu hajaliangalia kovu.

Mpe muda, lakini msinyamaze nalo. Waume wengi wanaogopa kuumiza, na wake tunasoma woga ule kama kinyaa. Wangu alikuwa akitoka chumbani ninapobadilisha bandeji. Siku moja nilimwambia anishikie plasta tu. Alishika. Wiki iliyofuata alibandika yeye.

Nawaambia waume moja kwa moja: mguse mkono, lala kitanda kile kile, mwambie kwa mdomo wako kwamba uko. Usisubiri akuulize. Saratani haipiti kwa kulala pamoja.

Kwa nguo, kidonda kikipona kabisa, nilishona kifuko cha kitambaa cha pamba nikakijaza mtama, nikakiweka ndani ya sidiria. Uzito unakaribiana na upande wa pili na mabega yanakaa sawa. Osha kitambaa, badilisha mtama. Nimeshawashonea wanawake kadhaa hapa Mwanga.

Rafiki yangu anapasuliwa Jumatatu. Nimwambie nini?

Acha "ukihitaji chochote niambie". Mgonjwa hana nguvu ya kukutungia kazi. Mwambie, "Jumatano wanao watakula kwangu," au "Kuku wako nitawalisha mimi mpaka urudi." Usimwahidi kwamba atapona, hulijui hilo, na yeye anajua kwamba hulijui. Akitaka kuzungumzia kifo, mwache azungumze, usimzibe kwa "usiseme hivyo". Akitaka kuzungumzia bei ya dagaa, zungumzia bei ya dagaa.

Na kama huna la kusema kabisa, nenda na mchele wako usiochambuliwa. Kaa karibu na kitanda chake, chambua. Ukimaliza, upike hapo hapo.